Kazi ya Vikundi Katika Darasa la Wanafunzi 68: Jibu kwa Mwalimu wa Ahero

Swali: Mimi ni mwalimu wa Masomo ya Jamii, Gredi ya 7, katika shule moja karibu na Ahero, kaunti ya Kisumu. Darasa langu lina wanafunzi 68. Muhula uliopita niliwagawa katika vikundi vinane, nikavipa karatasi za manila na kalamu nene, viandike kuhusu mada tuliyokuwa tukisoma. Kila mara wawili au watatu ndio wanaofanya kazi. Waliobaki hupiga soga au hutazama nje. Mzazi mmoja amekuja kulalamika kwamba binti yake anawabeba wenzake, na alama wanagawana sawa. Mwalimu mkuu naye ameniuliza kelele zile ni za nini. Mtaala unatutaka tutumie mbinu za ushirikiano. Je, niendelee? Na ikiwa ni kuendelea, niendelee vipi?

Jibu: Endelea, mwalimu, lakini usiendelee jinsi ulivyoanza. Hali uliyoieleza ni ya wanafunzi walioketishwa pamoja na kupewa kazi ambayo haikuwahitaji wawe pamoja. Mtoto mmoja hodari akiwa na kalamu nene mkononi anaweza kuijaza karatasi ile ya manila peke yake, na wenzake hawachelewi kuling'amua hilo. Wakishaona kwamba kazi itakamilika wakiwepo au wasipokuwepo, wanamwachia mwenye kalamu, nao wanatafuta la kufanya. Hupaswi kuuita uvivu, kwa kuwa hata watu wazima hufanya hivyohivyo. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, aliwapima watu wakivuta kamba, na matokeo aliyoyachapisha mwaka wa 1913 yalionyesha kwamba kadiri wavutaji walivyoongezeka ndivyo nguvu ya kila mmoja ilivyopungua ikilinganishwa na alivyovuta akiwa peke yake. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na kutovuta kwa mpigo mmoja. Watafiti waliofuata walithibitisha kwamba sehemu nyingine hutokana na mtu kulegea pale anapojua kwamba mchango wake hautaonekana.

Kwa hiyo, kabla ya kuingia darasani na kazi yoyote ya vikundi, ipime kwa maswali mawili. Je, yupo mwanafunzi anayeweza kuimaliza bila kuwahitaji wenzake? Je, yupo anayeweza kufika mwisho wa kipindi bila kuelewa chochote na asigundulike? Ikiwa jibu la lolote kati ya hayo ni ndiyo, irekebishe kazi kwanza. Maswali haya yanatokana na nguzo mbili ambazo ndugu wawili, David na Roger Johnson wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, waliziweka mbele ya nyingine tatu walipoeleza maana ya kujifunza kwa ushirikiano: kutegemeana kwa kweli, na uwajibikaji wa kila mwanafunzi kivyake. Zile tatu ni kusaidiana ana kwa ana, stadi za kuishi na watu, na kikundi kujitathmini baada ya kazi. Robert Slavin wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, pia cha Marekani, aliyechambua tafiti nyingi za madarasani, naye alifikia hitimisho kwamba vikundi huinua matokeo pale kikundi kinapokuwa na lengo la pamoja na mafanikio yake yanapotokana na kile ambacho kila mmoja amejifunza. Likikosekana moja kati ya hayo mawili, faida huyeyuka.

Wanafunzi wako wanalijua jambo hili nje ya shule, hasa wenye jamaa katika fuo za ziwa. Mashua ya omena inapotoka usiku, yupo anayeshughulika na taa, yupo wa kasia, wapo wa wavu. Akizembea mmoja, wote wanarudi mikono mitupu, na asubuhi mapato hugawanywa kwa utaratibu unaojulikana na wote. Waulize watoto wakueleze wenyewe nini hutokea mmoja wao akilala mashuani, kisha uwaambie kwamba vikundi vya darasani vitapangwa kwa namna hiyo.

Nianze na ukubwa wa vikundi, maana hapo ndipo tatizo lako lilipozaliwa. Vikundi vinane katika darasa la 68 ni watoto wanane au tisa kila kimoja. Weka karatasi ya manila katikati ya watoto tisa uitazame: watatu wanaisoma ikiwa wima, wengine wanaiona kwa ubavu, na walio upande wa pili wanayaona maandishi kichwa chini. Hao wa upande wa pili wameshatolewa katika kazi kabla mazungumzo hayajaanza. Wanafunzi 68 wanagawanyika sawasawa katika vikundi 17 vya wanne wanne, na kwa madawati huhitaji kuhamisha chochote, kwa sababu wawili wa dawati la mbele hugeuka tu kuwatazama wawili wa dawati la nyuma. Vipange vikundi wewe mwenyewe, uchanganye wavulana na wasichana, wepesi na wanaohitaji muda, wala usiwaachie kuchaguana, maana wanaochaguliwa mwisho hawasahau. Ukishavipanga, viache vidumu muhula mzima au angalau nusu yake, kwa sababu watoto hawajifunzi kufanya kazi pamoja ikiwa kila wiki wana wenzi wapya.

Hata hivyo, usianze na wanne. Anza na wawili. Mbinu iliyoelezwa na Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland mwaka wa 1981 ndiyo rahisi kuliko zote, na mimi humshauri kila mwalimu mwenye darasa kubwa aanze nayo: unauliza swali, kila mmoja anafikiri peke yake, wanajadiliana wawili wawili, kisha baadhi yao wanalieleza darasa. Walimu wengi huiharibu kwa kuiruka hatua ya kwanza. Wanauliza swali na papo hapo kusema, "Jadilianeni," na yule mwepesi anajibu kabla mwenzake hajapata hata nafasi ya kulielewa swali. Dakika moja ya ukimya kamili, kila mtoto akiandika sentensi moja katika daftari lake, ndiyo inayompa mtoto wa polepole kitu cha kusema. Pita kati ya madawati uhakikishe sentensi hiyo imeandikwa. Na wakati wa kulieleza darasa ukifika, mwombe mwanafunzi aeleze alichosema mwenzake badala ya alichofikiri yeye. Utashangaa jinsi watakavyoanza kusikilizana.

Baada ya majuma kadhaa, hamia kwenye wanne kwa kutumia nambari. Mbinu hii ilienezwa na Spencer Kagan, mwanasaikolojia wa Marekani. Kila mwanafunzi katika kikundi ana nambari, 1 hadi 4. Unauliza swali, kikundi kinainamisha vichwa pamoja na kuhakikisha kwamba wote wanne wanaweza kulijibu, kisha unaita nambari, na mwenye nambari hiyo ndiye anayejibu kwa niaba ya kikundi. Kusanya vizibo vya soda, viandike nambari za vikundi kwa kalamu ya wino usiofutika, vitie ndani ya kopo, na kopo jingine dogo liwe na vizibo vinne vya nambari za wanafunzi. Chomoa kizibo kutoka kila kopo mbele ya macho yao. Tofauti inaonekana upesi: yule hodari aliyezoea kufanya yote hawezi tena kukiokoa kikundi, kwa sababu nambari yake huenda isiitwe, hivyo analazimika kumfundisha yule aliyekuwa akimpuuza. Noreen Webb wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyesikiliza kwa makini mazungumzo ya vikundi vya hisabati, alionyesha kwamba mwanafunzi anayemweleza mwenzake kwa kina hunufaika waziwazi, ilhali anayepewa jibu tupu bila maelezo hanufaiki. Kwa hiyo weka sheria moja na uisimamie bila kuchoka: katika kikundi hatupeani majibu, tunaelezana njia ya kulifikia jibu.

Sasa nije kwenye mbinu ninayoiona inafaa zaidi kwa somo lako, ile ambayo walimu wengi waliisikia vyuoni kwa jina la jigso. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake waliibuni mwaka wa 1971 katika mji wa Austin, jimbo la Texas, wakati shule za huko zilikuwa zimeanza kuwaweka pamoja watoto weusi, weupe na wenye asili ya Amerika ya Kusini na Meksiko, na madarasa yalikuwa yamejaa uhasama. Aronson aliona kwamba ushindani wa kunyoosha mikono ili kumpendeza mwalimu ulikuwa ukiuchochea uhasama huo. Akaigawa mada vipande, kila mtoto akapewa kipande kimoja, na hapakuwa na njia nyingine ya kuvipata vile vingine isipokuwa kumsikiliza mwenzake.

Chukua mada ya gugumaji katika Ziwa Victoria, ambayo watoto wa Ahero na Kisumu hawahitaji kuambiwa ni kitu gani. Iandike katika vipande vinne, kila kimoja kisizidi nusu ukurasa. Cha kwanza kieleze gugumaji lilikotoka, yaani bonde la mto Amazon huko Amerika ya Kusini, jinsi lilivyoingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, na kwa nini huongezeka upesi katika maji yenye rutuba ya mbolea na majitaka. Cha pili kieleze linavyowaathiri wavuvi na usafiri: mashua kushindwa kutoka ufuoni, nyavu kupotea, bandari ya Kisumu kuzibwa. Cha tatu kihusu afya na viumbe vya majini, kwa kuwa chini ya gugumaji hewa ya oksijeni hupungua, na pembezoni mwake mbu na konokono wanaoeneza kichocho hupata maskani. Cha nne kieleze njia za kukabiliana nalo: kuling'oa kwa mikono na kwa mashine, fukusi walioletwa katika miaka ya 1990 ili walile, na matumizi yake katika kusuka vikapu, kutengeneza samani na kuzalisha gesi ya kupikia.

Katika vikundi vyako 17, nambari 1 anapata kipande cha kwanza, nambari 2 cha pili, na kuendelea. Hapa walimu wa madarasa makubwa hukwama, kwa sababu maelezo ya kawaida huwaambia wawakusanye wote wenye kipande kimoja, na kwako hao watakuwa 17, umati ambao haujadili chochote. Wagawe tena: duara tatu za wanne na moja ya watano kwa kila kipande. Unapata duara 16 darasani, na jambo la kufurahisha kwa shule isiyo na mashine ya kunakili ni kwamba unahitaji nakala 16 tu, moja kwa kila duara, ambazo unaweza kuziandika kwa mkono. Katika duara hizo wanasoma kwa sauti, wanaulizana, na kila mmoja anaandika hoja nne katika daftari lake, kwa sababu nakala inabaki pale na yeye anarudi nyumbani kwake, yaani kwenye kikundi chake cha asili, akiwa na daftari peke yake. Pita kwenye duara ukisikiliza makosa, maana kosa lisilosahihishwa hapa litabebwa hadi vikundi 17.

Usijaribu kuyamaliza yote haya kwa dakika 40. Kipindi cha kwanza kiwe cha duara za kipande kimoja. Kipindi cha pili kila mmoja awafundishe wenzake wa kikundi cha asili kwa dakika tano tano, kisha dakika kumi za mwisho madaftari yafungwe na kila mwanafunzi ajibu, peke yake na kimya, maswali manane mafupi, mawili kutoka kila kipande. Jaribio hilo ndilo linaloifanya mbinu nzima iwe na maana. Ukilifuta kwa sababu muda umeyoyoma, watoto wataelewa kwamba kumsikiliza mwenzao halikuwa jambo la lazima. Na kwa kuwa hakuna siku ambayo wote 68 watakuwepo, amua mapema: kikundi kilichopungukiwa mmoja kimwazime mwenye kipande hicho kutoka kikundi jirani, vikundi viwili vimsikilize kwa pamoja.

Nafika sasa kwa yule mzazi, na nasema wazi kwamba ana haki. Alama moja kwa kikundi kizima, inayoandikwa sawa kwa aliyefanya kazi na kwa aliyetazama nje, haimtendei haki yeyote. Inamwonea aliyefanya, na inamdanganya asiyefanya, kwa maana anaandikiwa kufikia matarajio ilhali yu mbali nayo. Tathmini ya mtaala wetu ina viwango vyake, kuanzia kuzidisha matarajio hadi mbali na matarajio, na viwango hivyo vinamhusu mwanafunzi mmoja mmoja. Kwa hiyo kinachoingia katika rekodi kiwe ni kile alichofanya mtoto mwenyewe: jaribio la dakika kumi, hoja zake daftarini, maelezo yake nambari yake ilipoitwa. Umilisi wa mawasiliano na ushirikiano, ambao ni mmoja kati ya ile saba ya mtaala, nao utathminiwe kwa kumtazama mtoto akifanya kazi. Chagua vikundi vitatu kila kipindi, utazame nani anasikiliza, nani anauliza, nani anamsubiri mwenzake amalize, uandike neno moja au mawili. Katika majuma machache utakuwa umewafikia wote.

Ukitaka pia kukituza kikundi, na mimi naona ni vizuri kukituza, tumia njia ya Slavin: linganisha alama za kila mtoto na alama zake mwenyewe za awali, kisha ujumlishe waliyoongeza. Aliyetoka 3 hadi 5 kati ya 8 ameongeza mawili, sawa na aliyetoka 6 hadi 8, na hivyo mtoto aliyekuwa mzigo anakuwa mtu ambaye kikundi kina sababu ya kumfundisha kwa bidii. Watoto waliokwisha kukaribia kilele wasiadhibiwe kwa kukosa pa kupanda. Anayepata zote 8 apewe pointi za juu kabisa. Tuzo iwe makofi, au jina la kikundi ukutani, isiwe alama katika rekodi.

Lipo jambo moja ambalo mpangilio wa kazi peke yake hauliponyi, nalo linaniuma kila ninapoketi nyuma ya darasa. Katika kila kikundi wapo watoto ambao wenzao wameshaamua kwamba hawajui kitu. Elizabeth Cohen wa Chuo Kikuu cha Stanford alitumia miaka mingi kulichunguza hili, na alionyesha kwamba hadhi ambayo mtoto anaingia nayo, kwa sababu ya alama zake za zamani, jinsia, lugha au umaskini wa kwao, huamua ni mara ngapi atazungumza, na anayezungumza kidogo hujifunza kidogo. Katika darasa moja kaunti ya Kakamega nilimtazama msichana aliyekuwa amehamia shule hiyo muda si mrefu. Mara mbili alinyoosha kidole kuonyesha mahali kwenye ramani, na mara mbili mvulana mwenye rula aliivuta ramani upande wake bila kumtazama. Mahali alipopaonyesha palikuwa sahihi. Mwalimu aliliona hilo, akasogea, na badala ya kumkemea mvulana akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu ameliona jambo ambalo kikundi hiki kinalihitaji, mwulizeni amelijuaje." Ramani ikarudi katikati ya meza.

Jifunze kufanya hivyo. Mtafute mtoto aliyenyamazishwa, subiri hadi afanye jambo la maana kwa kweli, kisha ulitaje mbele ya wenzake, kwa usahihi, ukieleza kwa nini kazi inalihitaji. Sifa ya uongo haisaidii, kwa sababu watoto huitambua mara moja. Ni muhimu pia kazi yenyewe iwe na sehemu zinazohitaji vipaji tofauti: yupo asiyesoma haraka lakini anajua kuchora, na yupo ambaye baba yake ni mvuvi na anajua kuhusu gugumaji kuliko kitabu.

Kuhusu lugha, nakushauri uwaruhusu wajadiliane kwa lugha inayowatoka kwa urahisi, iwe Dholuo au Kiswahili, mradi hoja za mwisho ziandikwe kwa lugha ya somo. Mtoto anayetafuta neno la Kiingereza kwa kila sentensi hana nafasi ya kufikiri, na kimya chake kitadhaniwa kuwa ni ujinga.

Mwalimu mkuu mwalike aje. Mwonyeshe makopo ya vizibo, na ishara mliyokubaliana, kwa mfano mkono ulioinuliwa ambao kila anayeuona huinua wake na kunyamaza. Sauti ya watoto 68 wakielezana jambo itakuwepo, lakini akiona kwamba inakoma ndani ya sekunde chache, na akiyasoma majibu ya jaribio la mwisho, sidhani kama atakuwa na shaka tena.

Usizitumie mbinu hizi kila kipindi. Jambo jipya kabisa, kama vile namna ya kusoma skeli ya ramani, lifundishe wewe kwanza ubaoni, hatua kwa hatua, kisha wapewe vikundi walifanyie mazoezi. Watoto wanne wasiojua hawawezi kufundishana wasichokijua. Mazoezi mafupi ya kukumbuka yanatosha kufanywa na mmoja mmoja. Muhula ukianza, tumia majuma mawili ya kwanza kwa kazi ya wawili wawili peke yake, majuma mawili yanayofuata kwa nambari na vizibo, na uiache mada ya gugumaji hadi pale utakapoona kwamba wanaweza kuhama kutoka kikundi hadi kikundi bila vurugu. Zoezi la kuhama lifanyeni mara kadhaa bila kazi yoyote mikononi, kabla hujaandika hata nakala moja kati ya zile 16.